Si Foto, Picha

Jumanne, 3 Februari 2015

Leo nimecheka kazini mpaka Veronica akaja kunifungia mlango. Tangu Krismasi sijacheka hivi! Mvua, tope, umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Halafu leo huyu mzee.

Anaingia chumba cha eksirei saa tano. Mkongo, wa kambini Nyarugusu. Koti la suti, tai, na shingoni kaning'iniza kamera — lakini si kamera ninazozijua mimi. Kisanduku cheusi kimesimama wima, macho mawili, moja juu ya jingine. Nikamwambia kama ninavyowaambia wote: mzee, vua koti, vua shati, simama pale, kidevu juu. Akakunja uso. Akasema, miye siyo wa kupigwa, miye ni wa kupiga!

Wa kupiga nini?

Ikabidi tukae chini. Kumbe zahanati ya kambini walimwambia, mzee Mulenda, nenda Kasulu ukapige picha. Na yeye ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya Baraka, ng'ambo ya Ziwa, kabla ya vita. Akajua hospitali hatimaye imesikia habari zake na inamwita kazini. Akaazima tai kwa jirani. Kwao, anasema, hii yetu inaitwa radio. Mtu anakwenda kupiga radio ya kifua. Picha ni foto. Sasa mbona hawakusema radio?

Mimi nikacheka. Veronica — nesi, tunakaa naye nyumba moja — akacheka mpaka akakalia ndoo. Mzee hakucheka. Alivua tai polepole, akakunja shati vizuri, akaweka kamera juu ya shati, akasimama kwenye mashine mgongo umenyooka. Hapo nikaacha kucheka, nikampangia mashine.

Wakati naisafisha filamu chumba cha giza, nikamsikia anapiga kelele nje ya mlango. "Ipo!" Ipo nini? nikauliza kutoka ndani. "Ipo, mama! Ipo!" Nikadhani kaona nyoka. Kumbe ndiyo jina lao la dawa ya pili, ile sisi tunaiita fiksa. Ameisikia harufu kupitia mlango, baada ya miaka kumi na nane! Nilipofungua alikuwa anafuta macho. Akasingizia dawa inawasha.

Filamu yake nimeiona. Pafu la kulia, juu, kivuli. Kumwambia si kazi yangu, ni ya daktari. Nimempa bahasha tu ampelekee daktari, filamu itarudi kabatini kwangu.

Ijumaa, 6 Februari

Kifua kikuu. Makohozi yamethibitisha. Dawa miezi sita.

Leo kaja na binti yake, Chantal. Ana ishirini na kidogo, anasuka watu nywele kambini. Alishasoma usoni mwa Dk. Kasian kabla hajafungua mdomo. Kumbe wana jambo lao: wamekubaliwa kwenda Amerika, baba na binti, faili moja. Wao wanasema dosie. Kifua kikuu maana yake dosie inasimama. Lakini mama mdogo wake Chantal, huyo Eugénie, ana dosie yake ambayo inaendelea, na shirika linaruhusu Chantal ahamie humo. Akitaka. Baba abaki amalize dawa, halafu asubiri zamu nyingine — mwaka, miaka miwili, nani anajua.

Chantal kasema hapana. Mzee kasema ndiyo. Wakabishana kwa Kibembe mbele yangu, mimi nimeshikilia mlango kama mjinga.

Wakati wa kuondoka mzee akavua kamera shingoni akanipa. Nyumba yake inavuja, anasema, unyevu unakula vioo. Ikae kwako, wewe mtu wa giza. Na anataka kitu kimoja tu duniani: binti akikubali kuondoka, ampige foto kwa hii hii, kwa mkono wake mwenyewe. Filamu hana. Kasulu nzima hakuna mwenye filamu.

Nikasema nitaona la kufanya. Mimi! Mimi ambaye sanduku langu la nguo sijalifungua lote tangu nije kutoka Mpwapwa, na huu mwaka wa pili. Ombi langu la uhamisho liko Dodoma kwenye meza ya mtu, labda anawekea kikombe cha chai juu yake. Ninajiingiza kwenye mambo ya watu ya nini?

Jumapili, 8 Februari

Sikwenda kanisani. Nimeshinda na kamera.

Imeandikwa Yashica. Ngozi imebanduka pembe moja, mzee kaigundisha kwa kitu kama lami. Haina filamu lakini haijalishi. Unafungua kifuniko cha juu, kinasimama kama vibao vinne, unainama, na humo chini kwenye kioo — uwanja wetu wote! Kamba ya nguo, kuku wa Veronica, mparachichi, ukungu kule bondeni. Vidogo, vinang'aa, vinatembea. Ni uwanja uleule ninaouchukia kila asubuhi nikitafuta ndala. Humo ndani ni mzuri mpaka nikakasirika.

Pembeni kuna kitufe kikubwa cha kuzungusha. Unazungusha taratibu, kuku anakuwa moshi, anakuwa kuku, anakuwa moshi tena. Kisha kikono kidogo unakivuta, kingine unakibonyeza, na sauti yake — tsk. Basi. Kama mtu anayekusikitikia kwa adabu.

Mzee alinionya kwamba kulia na kushoto vimegeuka humo, na kwamba itanitesa. Haikunitesa hata kidogo! Kila siku nasoma vifua vya watu vimegeuka, moyo upande wa mkono wangu wa kulia. Angalau kazi hii imenifaa kitu.

Pasikali, mlinzi, akapita akanikuta nimeinama, kisanduku tumboni. "Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha, kisha, "Pole, dada. Tumbo?" Nikamwambia naangalia kuku. Akaondoka anatikisa kichwa.

Alhamisi, 12 Februari

Dodoma kimya. Nimepiga simu, wakaniambia niwe na subira. Nimetembea toka nyumbani mpaka hospitali na kurudi bila sababu yoyote.

Lakini nina wazo! Filamu za eksirei. Kuna boksi zima limepita muda, linasubiri kuchomwa moto. Filamu ni filamu. Nikizikata vipande virefu?

Jumamosi, 21 Februari

Kibondo na kurudi, kwa gari la hospitali lililopeleka dawa. Mgongo umekwisha.

Shida si filamu peke yake. Kamera hii inataka bobini mbili, vile vigurudumu vya kuzungushia filamu, na karatasi nyeusi ndefu ya kuzungushia, yenye namba, bila hiyo huwezi kujua umefika picha ya ngapi. Mzee ana bobini moja tupu. Veronica kwao ni Kibondo, akaniambia kuna mzee Melkiadi, alikuwa na studio toka zamani, ile ambayo ukuta wake umechorwa ndege na ngazi, watu walikuwa wanapigwa picha kama wanapanda.

Ndege bado yupo ukutani. Mbele yake wameweka kompyuta na mashine ya kutolea pasipoti saizi. Melkiadi alipoiona kamera akainuka. Hakuniuliza jina, aliichukua, akaifungua, akainama, akanitazama humo mpaka nikaona haya. Halafu akaenda kwenye droo ya vifungo akafukua bobini, na karatasi yake bado imezunguka. Nikauliza nimpe nini. Akasema, siku moja uje unipige kwa hiyo. Hizi za siku hizi, unamaliza kumpiga mtu na bado hujamwangalia.

Nimeahidi. Ninaahidi ovyo siku hizi.

Jumatano, 25 Februari

Nimekata kipande cha kwanza! Chini ya taa nyekundu, kwa mkasi wa wodini na rula ya shule. Filamu moja kubwa inatoa kipande cha picha sita. Nikakigandisha kwenye karatasi ya Melkiadi kwa plasta ya vidonda, nikazungusha, nikafunga. Jasho!

Nimepiga sita. Mparachichi, Pasikali na rungu lake, mlango wa leba, kuku, kuku, Veronica anakoroga ugali. Nikakimbilia chumba cha giza. Dawa ya kwanza, maji, fiksa. Nikawasha taa.

Hakuna kitu. Filamu nyeupe kama maji. Sita zote!

Nimepiga ukuta teke. Kidole kinauma.

Alhamisi, 26 Februari

Mzee Mulenda alikuja kuchukua dawa. Nikamwonyesha filamu tupu na hasira zangu zote. Akasema, hebu shika kamera nione. Nikashika. Akacheka mpaka akakohoa, nikafungua dirisha. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa kimefunika jicho la chini!

Ya juu ni ya kuonea tu, mama, ananieleza. Ya chini ndiyo inakamata. Ukiwa mpumbavu wa kamera hii unaona vizuri kabisa, unafurahi, unabonyeza — na hujakamata kitu. Anasema alipoanza kazi aliharibu harusi nzima hivyo, na bibi harusi alikuwa binamu yake.

Jumapili, 1 Machi

ZIMETOKA!

Veronica kwenye ngazi za nyumba, ananicheka. Kila unywele. Kovu lake la kidevuni. Nimeweka filamu juu ya filamu nyingine nikaimulika kidogo ili nyeupe iwe nyeupe na nyeusi iwe nyeusi, kwa hiyo hazitoki kwenye karatasi, zinatoka kwenye filamu, na lazima uziangalie dirishani au kwenye kiboksi cha taa ambapo tunasomea mifupa. Veronica akajiona hapo, katikati ya paja la mtu na mbavu za mtu. Akapiga ukelele — umenifanya mkaa! Kitenge chake chekundu kimetoka cheusi tii, na uso nao umeungua. Filamu hii haioni nyekundu, ndiyo maana naifungua chini ya taa nyekundu. Nilipaswa kujua.

Shuka la bluu kwenye kamba nyuma yake limetoka jeupe, safi.

Kwa hiyo: si nyekundu, bluu ndiyo. Jua kali hapana — mzee anasema foto ya uso inapigwa kwenye kivuli cha ukuta, asubuhi. Pumzi unaishika kama mgonjwa wangu.

Sijafikiria Dodoma siku nzima. Nimekumbuka sasa hivi tu.

Alhamisi, 5 Machi

Kambini na gari la kliniki. Kibali, geti, foleni, kibali tena. Nilimpelekea mzee picha ya Veronica, nikaishikilia juu ya mlango wake, mwanga ukapita. Watu wakajaa. Akina mama wanauliza kama ni mzimu au ni mtu. Mzee amenenepa kidogo, dawa zinamkubali. Akawaambia majirani, huyu ni mwanafunzi wangu, usiku anapiga radio mchana anapiga foto. Uongo mtupu, lakini nilijisikia vizuri.

Akamwita Chantal: njoo usimame hapa, tupime tu mahali pa foto. Chantal alikuwa anasuka mtoto kichwa. Hakuinua macho. Akasema, foto ni ya mwenye kuondoka, Papa. Miye siondoki.

Baadaye akanisindikiza mpaka garini. Ananiita yaya, kama dada mkubwa. Kaka zake wawili, anasema, Papa aliwapiga foto Baraka, mbele ya nyumba, kwa kamera hiyohiyo. Wakaenda Kalemie. Basi, hawajaonekana. Papa akikuinamia na kile kisanduku, ujue umeshaondoka. Nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani. Akaniuliza, wewe umepigwa?

Sijapigwa. Kweli, sijapigwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Barua ya uhamisho imekuja! Dodoma! Niripoti mwezi wa sita, tarehe thelathini isipite. Veronica amepika wali na kuku — yule yule wa kwenye kioo cha kamera. Mama kwenye simu alipiga vigelegele mpaka salio likaisha.

Nimekula. Nimecheka. Nimerudi chumba cha giza kuosha vyombo vya dawa ambavyo nilikwisha kuviosha.

Jumatano, 20 Mei

Warundi. Kila siku mabasi. Walivuka Ziwa, wakaletwa Kigoma, sasa kambini, na wanaoumwa wanakuja kwetu. Kipindupindu kule chini ziwani, huku mifupa, vifua, watoto. Mama mmoja, Ndihokubwayo, nilimpiga picha ya bega, akaniuliza kwa Kirundi kama kwenye ile picha ataonekana amevaa nguo gani. Pasikali akanitafsiria. Sikucheka. Ningempiga na ile nyingine, lakini foleni ilikuwa mpaka getini.

Filamu mpya zinaelekea kuisha. Zile zilizopita muda Dk. Kasian ameamuru zichomwe, nafasi inahitajika. Nimemwomba aniachie chache. Akaniuliza za nini. Nikasema za mazoezi. Akasema, Loyce, wewe si unaondoka? Akaniachia moja.

Moja! Kipande kimoja kizuri, pembeni umeshaingia mwanga. Nimekikata nikakificha kwenye bati la majani ya chai.

Alhamisi, 28 Mei

Kambini. Sikuijua tena. Mahema mpaka kwenye uwanja wa mpira, vumbi, kelele, mtoto wa mtu analala kwenye kibanda cha Chantal cha kusukia.

Tarehe ya dosie ya Eugénie imetoka. Basi linaondoka Alhamisi ya tarehe kumi na moja Juni, asubuhi. Chantal jina lake limo. Kifua chake walishampima mwezi wa kwanza, alikuwa safi. Kilichobaki ni yeye tu kupanda au kutopanda.

Mzee ananishika mkono: mwambie wewe, mama, wewe mtu wa serikali, atakusikia. Nikaenda kumwambia. Nilikuwa na maneno mazuri. Kwamba baba anapona, miezi michache amalize dawa, kwamba nafasi hii hairudi, kwamba huku utasuka nywele mpaka uzeeke. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole havisimami kwenye kichwa cha mteja. Kisha: "Wewe yaya uko na barua ya kuondoka toka mwezi wa ine. Mbona ungali hapa?"

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia mimi nina kazi, siwezi kutupa watu kwenye foleni. "Na miye niko na mtu," akasema. Hakukasirika hata! Ndicho kilichoniudhi.

Njia nzima mpaka Kasulu nimebishana naye kichwani, na kila mara alinishinda.

Jumapili, 7 Juni

Nimeweka kipande cha mwisho ndani ya kamera. Nimefuta macho yote mawili kwa kitambaa laini. Siwezi kutulia. Nimefungua sanduku langu la nguo, nikatoa kila kitu, nikapanga kabatini. Nikasimama nikakiangalia nilichofanya. Nikavirudisha nusu.

Veronica ananiuliza kama nina homa.

Jumanne, 9 Juni

Naandikia humu chumba cha giza. Taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango hakuna anayefungua. Nisipoandika nitaishika hiyo filamu kabla ya wakati.

Wamekuja saa tatu, baba na binti, kwa kibali cha siku moja. Mzee kwa koti lilelile, na tai — hii ni yake, kainunua. Ananipungia toka getini. Amekubali! ananiambia hata salamu bado. Amekubali mwenyewe, juzi alfajiri: Papa, twende kwa yaya Loyce, nimekubali picha. Mzee ameuza jogoo akamnunulia gauni, la bluu, kwa sababu mwezi wa tatu nilimwambia bluu inatoka nyeupe. Chantal nyuma yake na hilo gauni, nywele kasukwa upya, mzuri mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuka. Nilitaka kulia. Nikasema, haya, karibuni, karibuni!

Nikamkabidhi mzee kamera yake. Alivyoipokea! Akainama nayo papo hapo, akaigeuza huku na huku, akaanza kupanga uwanja wa nyuma ya eksirei kama wake. Stuli ya Veronica kwenye ukuta wa nyuma, kivuli kizuri. Shuka kwenye kamba. Pasikali sogea, bwana, unaingia kwenye foto. Chantal akaniambia anataka kujitazama kwenye kioo kwanza. Nikampeleka ndani, chumba cha eksirei.

Akafunga mlango. Akatoa karatasi kwenye kifua cha gauni. Maandishi ya Dk. Kasian, ya leo leo, kumbe alichepuka kwake wakati mzee anapanga uwanja: kikohozi, picha ya kifua.

"Nimekuja juu ya picha."

Nikamwambia kamera iko nje kwa baba yako. Nilikuwa bado sijaisoma karatasi vizuri. Akasema, "Si foto, yaya. Picha. Ile yenu."

Anakohoa wiki mbili, anasema. Akakohoa ili nisikie. Sijui! Nasikia vikohozi toka asubuhi mpaka jioni, naweza kumtambua mwongo wa ruhusa ya ugonjwa kabla hajakaa, na hiki cha Chantal sijui. Kilikuwa kikohozi. Kilikuwa pia kimengoja zamu yake.

Halafu akasema la pili, kwa sauti ya chini. Ile ya Papa ya mwezi wa pili si iko kabatini kwako? Si ni jina tu pale pembeni? Jina si herufi?

Nikampandishia! Nikamwambia unajua unaloniomba? Nikutie ugonjwa wa mtu mwingine, umeze dawa kali miezi sita na mwili mzima, mimi nifukuzwe kazi, na yule mzee pale nje, aliyeuza jogoo, aambiwe amemwambukiza mwanawe? Hilo la mwisho lilimpata. Alikuwa hajalifikiria. Alishika kitasa cha mlango, nikadhani atatoka.

Hakutoka. Akasema basi, usibadilishe kitu. Piga ya kweli tu. Itakachosema, nitakubali.

Karatasi ni halali. Ya daktari, ina muhuri. Ningekataa kwa kipi?

Akavua gauni la bluu mwenyewe, akalikunja vizuri, akalilaza kitini polepole. Vilevile kama baba yake siku ile. Nikampa shuka. Nikapanga herufi za madini ya risasi, zile zinazoandika jina pembeni mwa filamu, C, H, A, zikanianguka mara mbili. Simama pale. Kidevu juu. Mabega mbele. Vuta pumzi, shikilia. Nikabonyeza. Na mimi nilikuwa nimeshikilia pumzi, nilisahau kuiachia.

Sasa iko kwenye fiksa. Muda wake umeshapita kabisa, naweza kuinyanyua hata kwenye taa hii nyekundu na nikajua. Miaka yote hii sijawahi kungoja! Filamu naiinua ikiwa bado inachuruzika, nachungulia, naita wa pili.

Ikiwa safi, Alhamisi anapanda basi, na mzee anabaki na kipande cha filamu cha kuangalia dirishani. Ikiwa si safi, anabaki, mgonjwa, na atashukuru. Nataka abaki. Nimeandika, basi. Mungu anisamehe, nataka abaki, na sitaki awe mgonjwa, na siwezi kuvipata vyote viwili. Na mimi je? Mimi naondoka wapi na sanduku nusu?

Mzee anaita toka uwanjani. Chantal! Mama Loyce! Fanyeni haraka, jua linapanda, kivuli kinaisha!

Nasikia Veronica anamwambia wanakuja, wanakuja, wasichana na vioo unawajua. Anacheka. Yeye hajui.

Chantal yuko hapa hapa nyuma ya mlango. Amevaa gauni, nasikia kitambaa kinagusa mbao. Hakohoi. Ameweka mdomo kwenye ufa, pale pale baba yake alipoweka pua.

"Yaya," ananong'ona. "Ipo?"